Aliyepelekwa Coventry

Hospitali ya Kifua, Wales Kaskazini
Jumapili, 2 Mei 1954

Mdogo wangu Enoch,

Salamu kutoka kitandani. Bado wanatulaza barazani usiku na mchana, mvua ikinyesha ikituona, eti baridi inaua vijidudu. Inaniua mimi kwanza, lakini nani atamwambia sista?

Neno lako la juma lililopita nimelipatia asili. "Ana wazimu kama mshona kofia." Ulidhani utanishinda! Bi Pryce wa kitanda cha jirani, ambaye babu yake alikuwa fundi wa kofia, anasema zamani manyoya ya kofia yalilainishwa kwa zebaki. Mafundi walivuta mvuke wake miaka nenda rudi, mikono ikaanza kutetemeka na akili zikaruka. Wengi wanaamini neno lilitokea hapo. Nikamwambia, mama wee, sisi wa Burslem tumevuta vumbi la vyungu tangu tuzaliwe, mbona hatujapewa neno letu? Tulicheka mpaka sista akaja kutupima joto wote wawili.

Nitumie jingine. Watu wa tanurini hawaishiwi maneno, na mchezo huu wetu ndio unaonifanya niisubiri Jumapili. Wewe unayaokota kwao, mimi nayachimba asili yake, na siku zinasogea.

Nasikia chama cha wafanyakazi kimewatoa nje, kiwanda chote cha Pargeter kimegoma. Safi sana. Msirudi kwa peremende. Na mwanangu Ray anakula? Wewe ndiye mjomba wake na nyumba ni yako, usimwache atoke na nywele mbichi kwa kuwa tu ana miaka ishirini na miwili na anajiona mzee.

Daktari anasema joto langu likitulia mpaka Agosti, watanipasua pafu la kushoto na huenda nikarudi nyumbani. Likipanda, hawathubutu. Kwa hiyo nitumie vichekesho.

Dadako,
Hilda


Burslem
9 Mei 1954

Dada Hilda,

Nimefurahi kusikia joto limetulia. Mgomo umeisha, watu wamerudi kazini. Kulikuwa na manung'uniko kidogo, sasa yamepita. Ray hajambo, anakula vizuri, anakusalimu.

Neno la juma hili ni "Bob ni mjomba wako". Jabez Brough, mwenzangu wa tanurini, alilisema alipokuwa akinionyesha jinsi ya kuziba ufa wa mlango wa tanuri: unapaka udongo hapa, unasukuma pale, na Bob ni mjomba wako, kazi imekwisha.

Huku hakuna jipya.

Nduguyo,
Enoch


Hospitali ya Kifua
16 Mei 1954

Enoch,

Unanionaje wewe? Bob ni mjomba wako ulinitumia Krismasi, na nikakujibu ukurasa mzima. Nikakuambia habari za yule waziri mkuu wa enzi za bibi, Robert, yaani Bob kwa kifupi, aliyempa mpwa wake cheo kikubwa, watu wakasema ukiwa na mjomba kama huyo mambo yote yanajinyoosha yenyewe. Nikakuambia pia kwamba hakuna mwenye hakika. Umesahau? Au umeanza kunitumia viporo?

Mgeni wa Bi Pryce ameniletea gazeti la nyumbani. Wameandika kwamba chama kilipoita mgomo, kuna mkuu wa tanuri mmoja aliyekataa kutoka. Alibaki akilisha moto mpaka vyombo vikaiva, na kwa vyombo hivyo mabwana wakatimiza oda yao ya Kanada, wakawa hawana tena haraka ya kusikiliza mtu. Mgomo ukafa. Jina hawakulitaja.

Ni nani huyo? Wewe unamjua, usinifiche. Baba alipogoma, Mama alitupikia maganda ya viazi, na Baba hakurudi kazini mpaka wenzake wote walipokubali. Mimi nilikuwa msichana mdogo, lakini ladha ya yale maganda ninayo mpaka leo. Niandikie jina lake nimchukie vizuri.

Dadako,
Hilda


Mezani, jikoni
Jumatano, 19 Mei

Ray,

Chakula kipo kwenye oveni, nyama na viazi. Karatasi hii huna haja ya kuijibu. Najua mlivyokubaliana kule kazini, na najua wakisikia umenisemesha hata humu ndani watakugeuzia mgongo na wewe. Sikulaumu.

Nataka tu ujue kwamba tanuri lile nililiwasha Jumanne, na chama kikatuita nje Jumatano. Tanuri likishashika moto ni kama mama aliyeshikwa na uchungu, mkunga hatoki akamwacha eti saa za kazi zimekwisha. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya. Mambo ya oda ya Kanada sikuyajua. Labda nilipaswa kuyajua.

Nakuomba kitu kimoja. Mama yako asijue kwamba ni mimi. Amenuna, anataka jina, na joto likimpanda hawatampasua. Ukimwandikia, usinitaje. Nimekukataza, na hilo ndilo pekee nitakalokukataza.

Mjomba


Burslem
24 Mei 1954

Mama, shikamoo.

Samahani siandiki mara kwa mara, unanijua. Nakula vizuri, usijali. Vale, timu yetu ya mpira, wamemaliza juu kabisa ya ligi yao na watu bado wanaimba barabarani.

Nina swali, na nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye bingwa wa maneno. Kazini kuna mtu tumempeleka Coventry. Ni yule aliyebaki na tanuri. Wiki kadhaa sasa hakuna anayemsemesha. Akiingia kwenye chumba cha chai tunanyamaza kimya. Akisema habari za asubuhi tunatazama ukuta. Kuna mtu alikivunja kikombe chake, na yeye akaokota vipande akavitia mfukoni. Jabez anatuambia, "Hata akikuita jina, huna masikio. Umesikia upepo."

Mama, huyu mtu ndiye aliyenifundisha kubeba kasha la vyombo kichwani bila kushika kwa mkono. Jina silitaji, nimekatazwa. Juzi niliacha kofia yangu kwenye benchi, akanifuata nayo mpaka langoni akiniita, na mimi nikaendelea kutembea kama sisikii. Wenzangu walinipiga bega, wakasema, "Huyo ndiye mwanaume!" Usiku sikulala.

Kwa nini Coventry na si mahali pengine? Na huwa inaisha lini? Nifanyeje, Mama?

Mwanao,
Ray


Hospitali ya Kifua
30 Mei 1954

Ray mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko dawa zote za hapa. Na swali ni zuri.

Wanaojua wanasema hivi. Zamani, mfalme alipopigana na bunge lake, askari wa mfalme waliokamatwa walipelekwa kufungwa mji wa Coventry. Watu wa Coventry walikuwa upande wa bunge. Wafungwa wale walipopita mitaani, milango ilifungwa, hakuna aliyewasalimu wala kuwauzia bia wala kuwajibu wakiuliza njia. Hakuna aliyewapiga, walipitwa tu kana kwamba hawapo. Wengine wanatoa asili nyingine, lakini mimi hii naipenda, maana inaonyesha watu wa kawaida wakimshinda mtu wa mfalme bila kurusha jiwe.

Kuhusu la kufanya, naona unajua, ila moyo wako ni laini, umeurithi kwa baba yako. Mtu huyo anaweza kuwa mwema. Anaweza kuwa alikufundisha kazi. Lakini wenzake walikuwa na silaha moja tu na yeye aliwanyang'anya. Kunyamaza ni silaha ya wasio na silaha, na inafanya kazi pale tu ambapo wote wananyamaza. Ukigeuka wewe mara moja, umewavunjia wote. Kwa hiyo akikuita, usigeuke. Kaza shingo utazame mbele. Itaisha siku chama kitakaposema imeisha, na hakuna aliyewahi kufa kwa kutosalimiwa.

Kama bado una shaka, muulize mjomba wako. Nina hakika atakuambia hivyo hivyo.

Vaa fulana.

Mama yako


Burslem
6 Juni 1954

Dada Hilda,

Nisamehe kwa kuchelewa. Jina la yule mtu silijui vizuri, kiwanda ni kikubwa, na wengi hatuzungumzi habari hiyo.

Neno la leo ni "Kweusi kule kwa mama yake Bill". Nimelisikia kwa mtu kazini alipotazama mawingu. Bill ni nani, na mama yake anaishi wapi?

Siku hizi tunafanya kazi kwa utulivu. Naenda mapema, narudi, nawasha redio. Jana nilisimama kuzungumza na farasi wa muuza maziwa, tukaelewana sana, mwenyewe akatoka kunitazama kama naumwa. Ray anakula, kisha anapanda chumbani kwake. Kijana anahitaji nafasi yake.

Nikiandika hivi najiona kama nazungumza, kwa hiyo usinichoke.

Nduguyo,
Enoch


Hospitali ya Kifua
13 Juni 1954

Enoch,

Neno la mama yake Bill ni la Bibi. Hakuna mtu kazini aliyekuambia hilo. Bibi ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni kila mvua ikikaribia na kusema kwamba ni kweusi kule kwa mama yake Bill, na wewe ukakataa kwenda shule kwa kumwogopa huyo mama. Bill ni nani hakuna ajuaye, na usinipotezee muda.

Kwa nini unaniokotea maneno ya marehemu wakati umezungukwa na watu wanaopiga domo tangu asubuhi? Kuna nini? Umepata mwanamke? Kama umepata, sema, nitamchukia kidogo halafu nitamzoea. Au umeugua? Au ni Ray?

Nikukumbushe jambo ambalo hatulizungumzi. Mume wangu Len alipoanguka na ndege yake vitani, rafiki yake alikuja mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Len amekwenda kunywa Burton." Mji wa Burton ni hapo tu, bia yake tumeinywa sote. Nikamuuliza, atarudi saa ngapi? Yule kijana akalia. Ndivyo marubani walivyosema mwenzao akifa, eti amekwenda kunywa bia. Wengine wanadai lilitoka kwenye matangazo ya bia, mimi sijali. Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuyachimba haya maneno ya mzaha. Wewe unadhani nacheza. Mengi yake ni blanketi lililotupwa juu ya maiti, na mimi nataka kuona kilicho chini.

Kwa hiyo usinitupie blanketi. Niambie.

Joto langu limetulia wiki yote. Daktari ameanza kuitaja Agosti bila kukunja uso.

Dadako,
Hilda


Burslem
27 Juni 1954

Hilda,

Sista mkuu aliniambia kwenye simu kwamba amekaa nawe na amekuambia. Nashukuru hukuwa peke yako. Sasa nikuambie ilivyokuwa, maana watu wengine watakuletea vipande vipande.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Walikuwa wanapanga makasha ya vyombo ndani ya tanuri namba mbili, na Ray alikuwa chini katikati, anapokea. Unajua tunavyoyapanga, kasha juu ya kasha mpaka nguzo inagusa kuba. Mimi nilisimama mlangoni pa tanuri. Nikaona nguzo iliyokuwa nyuma yake imeanza kuinama. Udongo wa chini ulikuwa umebonyea. Alikuwa na nafasi ya kutosha, hatua moja tu kwenda kushoto.

Nikamwita, "Ray! Toka hapo!"

Alinisikia, Hilda. Usimwamini atakayekuambia kelele zilikuwa nyingi. Mabega yake yalipanda kidogo, jinsi mtu anavyofanya akisikia jina lake. Halafu akakaza shingo akatazama mbele. Nikaita tena, nikamwita mwanangu, nikaingia mbio. Jabez alikuwa juu ya ngazi na yeye alinisikia pia, akatazama miguu yake. Angeita mtu mwingine yeyote, hata mpita njia, Ray angeruka. Sauti yangu ndiyo pekee iliyokuwa haina faida mle ndani.

Ilimwangukia yote. Hakuteseka. Daktari amesema hivyo na mimi nilikuwa nimemshika, naamini ni kweli.

Mtu uliyetaka jina lake ni mimi. Mimi ndiye niliyebaki na tanuri, na tangu mwisho wa Aprili nipo Coventry. Ukilisema unaona kama mtu amekwenda matembezi ya Jumapili. Sikuwa na maneno ya kukutumia kwa sababu hakuna aliyenipa hata moja. Humu nyumbani pia tulikaa kimya, mimi na yeye, kila mmoja na sahani yake. Alikuwa akiniachia chai kwenye birika asubuhi, na birika likiwa la moto nilijua amelichemsha kwa ajili yangu.

Nilimkataza asikuambie. Nilitaka upasuliwe Agosti. Kama ningemwacha aandike jina langu, ungemwambia nini? Usiku kucha najiuliza hilo. Ungemwambia huyo ni mjomba wako, mjibu. Najua ungemwambia hivyo.

Mazishi ni Jumanne. Wamesema hawatakuruhusu.

Enoch


Hospitali ya Kifua
1 Julai 1954

Enoch,

Aliniuliza. Hakutaja jina, alisema kuna mtu kazini. Akaniuliza afanyeje, na mimi nikamwambia: akikuita, usigeuke. Kaza shingo utazame mbele. Ni maneno yangu, nimeyaandika kwa mkono wangu, na kabla ya hapo nikampa hadithi ya askari wa mfalme kama vile nampa peremende. Nilifurahia kuiandika. Nilijiona mwerevu. Nilimwambia hakuna aliyewahi kufa kwa kutosalimiwa.

Hukuniuliza lakini nakuambia, kwa sababu ukija kuikuta barua ile kwenye vitu vyake sitaki uwe peke yako ukiisoma.

Nikikukasirikia wewe kwa kunificha, najiona mimi. Nikijikasirikia mimi, nakuona wewe ukiokota vipande vya kikombe. Aliniandikia habari za kile kikombe pia, na mimi nikapita tu bila hata kusema pole. Ningejua ni chako. Lakini kilikuwa cha mtu, Enoch, hata kama si chako.

Joto limepanda. Agosti haipo tena. Daktari alikuja kuniambia kwa sauti ya chini, nikamwambia aongee kawaida.

Umemvisha shati gani?

Hilda


Burslem
5 Julai 1954

Dada,

Nilimvisha lile jeupe ulilomnunulia alipotimiza ishirini na moja. Mke wa Jabez alilipiga pasi na kutia wanga kola. Nywele nilimchana mwenyewe, kuelekea upande, zilikuwa kavu.

Barua yako nimeikuta. Ilikuwa chini ya mto wake, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechakaa. Nimeisoma mara moja na kuirudisha palepale. Alikusikiliza wewe na alinisikiliza mimi, Hilda. Tulimwagiza wote wawili na hakuna alilotukosea.

Jumapili ijayo kuna basi la kuja Wales. Nitakuja. Ukitaka tuzungumze tutazungumza. Ukinigeuzia mgongo nitakaa hapo hapo nyuma ya mgongo wako mpaka wageni waambiwe watoke, na Jumapili inayofuata nitarudi.

Kuna jambo moja nataka ulijue kabla sijafika, kwa sababu mbele yako sitaliweza. Kiwanda kizima kilikuja kumzika. Walimbeba wao mabegani, na mlangoni pa kanisa Jabez akaniuliza, "Enoch, tumpitishe miguu kwanza au kichwa?" Ndilo neno la kwanza nililopewa na mwenzangu yeyote tangu Aprili. Imekwisha. Hakuna aliyetangaza, imekwisha tu. Leo nilirudi kazini. Nilikuwa nimeapa sitamjibu mtu hata mmoja, wanyamaziwe na wao waone. Nikavuka uwanja, na Jabez alikuwa amesimama karibu na lundo la makaa, macho mekundu, akanivulia kofia. Akasema, "Habari za asubuhi, Enoch."

Nikamjibu. Nikasimama pale, tukazungumza habari za mvua, na habari za Vale. Ray hajamaliza wiki ardhini. Na mimi nilikuwa na furaha, Hilda. Mungu anisamehe, mtu alikuwa ananisemesha, na nilikuwa na furaha.

Nduguyo,
Enoch